Faili Linalomtafuta Seif

Nizwa, Jumatatu usiku

Tena leo faili la zamu za maji ya falaji, mfereji wetu wa mashamba, limekataa kufunguka. Wenye mitende wamejaa mlangoni wanauliza zamu ya nani, na kwenye kioo kinazunguka kiduara tu. Mimi msimamizi wao, kusoma kwangu kwa kubahatisha, lakini hajazaliwa wa kuniibia tone la maji, nimekaa pale kama mgeni.

Nikaisomea kompyuta Ayatul Kursi, nikaipulizia. Mjukuu wangu Zuwena, karani wetu, akacheka. "Babu, kompyuta haipungwi pepo."

Akachokoachokoa mpaka akapata. Faili lile alilitengeneza marehemu Seif, karani aliyemtangulia, na kila likifunguliwa huenda kwanza kuitafuta kompyuta ya Seif. Likiikosa ndipo hurudi kwetu, ndiyo maana huchelewa. Na hiyo kompyuta nimeifungia stoo tangu tulipomzika.

"Niikate hiyo njia, Babu?"

"Kata."

Kabla hajaikata, akalifungua mara moja zaidi kujaribu. Likafunguka papo hapo.

Zuwena hakucheka tena. "Safari hii limeiona ya Seif," akasema.

Nikaenda stoo peke yangu, maana mimi si mwoga. Waya umelala chini, haujachomekwa popote. Nikaweka mkono juu ya kompyuta. Ya moto. Stoo haina dirisha, na joto la siku hizi...

Nimemkataza Zuwena asikate. Kwanza tumsomee Seif khitma. Maji yakichelewa na watu wakinung'unika, waje kwangu. Sitowaambia kwa nini.