Majibu ya Bi Opal

Jumatatu, 4 Machi 2019

Ripoti imefika kurasa sitini na mbili. Miaka mitano ya programu yetu ya wasaidizi wa kisheria, yote ndani ya faili moja la buluu: wangapi waliingia, wangapi walimaliza, wangapi wako kwenye ofisi za mawakili, wangapi waliishia kupanga maboksi ghalani. Nimeandika yote, hata yasiyopendeza.

Dk. Pruitt, mkuu wa kitivo, kasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Basi.

"Lorraine, mimi nataka kujua tunakua au hatukui."

Tunakua, nikamwambia. Wanafunzi arobaini na wanne wawe tisini. Darasa la pili ng'ambo ya mto, la jioni, kwa wanaofanya kazi mchana. Na kila mwanafunzi akae muhula mzima kwenye meza ya msaada pale mahakamani. Siyo hiari tena.

Akacheka. Ng'ambo ya mto hata duka la vyakula limefungwa, akasema. Ndiyo maana, nikasema mimi.

Kamati ya chuo inapiga kura Ijumaa tarehe 22. Wakikataa, Septemba hatupokei mtu. Programu ikikosa wanafunzi wapya mwaka mmoja haifufuki. Niliyaona kwa programu ya uchomeleaji, ilifungwa hivyo hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Theluji tangu alfajiri. Barabara hazipitiki, chuo kiko wazi. Akili ya nani hii! Darasani watu sita.

Saa tisa kasorobo, simu. Ivelisse Cordero, wa mwaka wa pili, zamu yake mahakamani. Sauti ya chini, maneno yanakimbizana. Mbele yake kuna bibi wa miaka sabini na moja, Opal Stamper. Mwenye nyumba anataka kumtoa. Majibu yake ya maandishi kwa mahakama lazima yapokelewe leo kabla ya saa kumi, la sivyo kesi inaamuliwa bila yeye. Wakili anayesimamia meza kakwama njiani, simu yake haishiki.

"Mwalimu, nifanyeje? Bibi anatetemeka."

Kanuni naijua. Naifundisha kila Septemba, wiki ya kwanza, kwa herufi kubwa ubaoni: msaidizi hamwandikii mtu utetezi bila wakili kuusoma.

Nikamwambia, "Andika. Mimi nasema andika."

"Sawa, Mwalimu."

Saa kumi kasoro dakika sita, ujumbe: Yamepokelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia wakili wa meza mara tatu. Hapokei. Ripoti, sehemu ya soko la ajira — nimeandika mistari minne siku nzima.

Jumanne, 12 Machi

Kesi imefutwa!

Ivelisse alikuwa ameona kitu ambacho mimi ningekipita: ilani ya kumtoa ilibandikwa kwenye mlango wa jirani. Namba ya nyumba yenyewe siyo ya Bi Opal. Hakimu kasoma majibu, kamuuliza wakili wa mwenye nyumba, hii nyumba ni ipi? Wakili kapekuapekua makaratasi yake.

Mchana Bi Opal mwenyewe kaja chuoni, kapanda mabasi mawili, na keki ya ndizi ndani ya karatasi ya fedha. Kasimama mlangoni kwangu hata kiti hataki.

"Wewe ndiye mwalimu wa yule binti wa Puerto Rico?"

Ndimi.

"Anaandika kama mtu aliyekasirika lakini ana adabu. Umemfundisha vizuri."

Nimefurahi mpaka nikaona haya. Kisha Ivelisse, akicheka, akaniambia yule wakili alimuuliza karani: majibu haya kaandika nani? Mimi sikucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Wakili Ashcraft kaja bila miadi. Ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya ushauri, mawakili saba wanaotuambia soko linataka nini, na ndio hao wanaoajiri wahitimu wetu. Hakuvua koti. Kaweka nakala ya majibu ya Bi Opal mezani.

"Mwandiko wa nani huu, Lorraine?"

Nikasema ni wa mwanafunzi wangu.

"Wakili aliusoma?"

Nikasema nadhani kulikuwa na theluji. Jibu gani hilo! Hata mtoto wa chekechea angejitetea vizuri zaidi.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akasema polepole kwamba yeye si adui yangu, na kwamba binti aliandika vizuri, kuliko vijana wake wawili ofisini. "Lakini siku moja atakuja mwingine asiye hodari kama huyu. Ataandika vibaya, na bibi mwingine atalala nje. Siku hiyo utamwambia nini huyo bibi?"

Nikaigeuza ile nakala kifudifudi.

Akiwa mlangoni akageuka. "Alikuuliza kwanza?"

"Nitalifuatilia," nikasema.

Nitalifuatilia! Miaka ishirini na tatu nafundisha watu kujibu swali waliloulizwa.

Ijumaa, 15 Machi

Pruitt kaniita. Tayari ameongea na Ashcraft, tayari amepata njia, na uso unang'aa kama wa mtu aliyeuza gari bovu.

Ivelisse aliandika utetezi kinyume cha kanuni. Anaondolewa kwenye programu. Mimi naongeza aya moja kwenye ripoti: tukio moja, mwanafunzi mmoja, hatua zimechukuliwa. Ashcraft anaridhika, kamati ya chuo inapitisha. Wanafunzi tisini, darasa la ng'ambo ya mto, meza ya mahakamani. "Unapata vyote, Lorraine. Vyote ulivyoomba."

"Amebakiza wiki tisa amalize."

"Atamalizia kwingine."

"Wapi? Kwingine kuko mwendo wa saa mbili kwa gari, na gari hana."

Akapanga kalamu zake. "Kwa kuwa wewe hukujua," akasema. Halikuwa swali. Alikuwa ananisomea imla.

Nikatazama zulia. Lina doa la kahawa lenye umbo la kiatu.

Jumatatu, 18 Machi

Barua ya kumwondoa imemfika Ivelisse. Kaja moja kwa moja kutoka kazini, chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, aproni bado kiunoni, mikono inanuka dawa ya kung'arishia shuka.

Nikafunga mlango. Nikamwambia nitasema ukweli, kwamba nilimruhusu mimi.

"Usiseme."

"Ivelisse —"

"Ukisema wanakutoa na wewe. Halafu nani atafundisha? Huyo Pruitt? Hajui hata mlango wa mahakama uko upande gani." Tukacheka kidogo, vibaya. "Binamu yangu anasubiri darasa la ng'ambo ya mto. Rafiki zake wanne pia. Mimi ni mmoja tu, Mwalimu."

Alivyosema! Kama mtu anayegawa mkate. Na mimi — aibu yangu hii — nikasikia kifua kinalegea. Nikashukuru.

Akasimama, akafika mlangoni, akarudi.

"Lakini barua niliipata Jumamosi. Jumamosi, Jumapili, mpaka leo. Nilikaa na simu mkononi. Nilijua utapiga."

Sikupiga.

"Ningekuambia usiseme, hata hivyo. Ila nilitaka uniulize."

Akaondoka. Dawa ya shuka imebaki ofisini mpaka jioni.

Jumatano, 20 Machi

Nimeiandika ile aya. Nimeifuta. Nimeiandika tena. Pruitt kapiga saa tano, kapiga saa tano na nusu: kamati inasubiri nakala, tatizo nini? Tatizo hakuna, nikasema.

Maneno arobaini na moja. Kisarufi hayana kosa.

Nimetuma.

Alhamisi, 21 Machi

Dada yangu kapiga kutoka Toledo, akauliza kura ni lini. Kesho. "Si umeshashinda?" Ndiyo, nikasema, nimeshashinda.

Ijumaa, 22 Machi

Saa nne asubuhi. Ukumbi wa ghorofa ya pili. Naandika nikijifanya nachukua kumbukumbu za kikao.

Wajumbe tisa, donati, kahawa ya maji maji. Mwenyekiti ni Bi Yarnell wa idara ya uuguzi, mama mwenye miwani ya kamba. Ashcraft yuko dirishani, kaja kama mgeni, leo kavua koti. Pruitt kando yangu, ananukia marashi ya kikao.

Ivelisse yuko koridoni. Wamemwita akae karibu, "endapo atahitajika." Namwona kupitia kioo cha mlango. Kavaa koti la kanisani. Peke yake. Hakuna aliyemwambia anaweza kuja na mtu, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Uuguzi umepita. Uhasibu umeahirishwa. Sasa sisi.

Bi Yarnell anasifia ripoti. Anasema ni mara chache kuona idara ikiandika hata upungufu wake. Wanapenda mpango wa ng'ambo ya mto. Mjumbe mmoja kauliza tutapata wapi walimu. Nimejibu, sauti imetoka vizuri. Pruitt anaitikia kwa kichwa kama mganga.

Ukurasa wa sitini na tatu. Bi Yarnell anausoma kwa sauti. Polepole, neno kwa neno, kama matokeo ya maabara. "… mwanafunzi alitenda kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwalimu msimamizi hakuwa na taarifa."

Ashcraft hatazami karatasi. Ananitazama mimi. Anajua. Nadhani alijua tangu siku ile mlangoni, na alisubiri.

"Kuna nyongeza?" anauliza Bi Yarnell.

Mtu anatafuna donati. Chini ya meza mkono wa Pruitt umegusa kiwiko changu, taratibu, kama unavyomtuliza farasi.

Koridoni Ivelisse kainua kichwa. Sijui kama anasikia.

"Kama hakuna, tupige kura. Wanaokubali mpango wa upanuzi wa programu ya wasaidizi wa kisheria, wanyooshe mikono."

Mmoja. Watatu. Sita. Saba. Umepita. Umeshapita!

Mkono wangu wa kushoto uko juu. Wa kulia unaandika haya, herufi zimepinda.

Pruitt ananong'ona, shusha.

Bi Yarnell anahesabu, anafika kwangu, anasimama. Anatabasamu. "Lorraine, mpenzi, wewe huna kura."

Najua, nimemwambia, lakini nina nyongeza. Sijaushusha.