Wembe Nilioweka Chini

Shuleni, milimani Uluguru
4 Oktoba 1914

Mosi,

Unaandika: "Mwanaume anayekataa kuchanjana na rafiki yake, ama anamwogopa padre, ama anaogopa wembe." Uongo, tena uongo wa mvivu! Padre alinikataza ngoma, nikacheza ukiniona. Na wembe? Nani alikupasua jipu la paja, ukalia kama mbuzi?

Sasa salamu. Mimi mzima. Nilipita Kinole, mama yako mzima. Mabega yako yanaionaje mizigo ya vita ya Mdachi?

Tungechanjana kifuani, tukalishana ini la kuku lenye damu zetu, tukawa ndugu. Ni desturi njema. Lakini ulisema, "Tukiwa ndugu, kazi yangu ya kwanza ni kukutafutia mke." Hapo ndipo nilipouweka wembe chini. Zaidi ya hapo usiniulize.

Rafiki yako,
Kasiani


Kambini, njia ya Taveta
17 Februari 1915

Kwa Mwalimu Mbishi,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila homa hunitembelea kama mkwe. Wewe ungebishana hata na bahasha!

Ulisema nisiulize, siulizi. Lakini wapagazi tunakufa huku. Mwenye ndugu hufukiwa na nduguye. Asiye naye huachwa kando ya njia, mzigo wake akapewa mwingine.

Jana nilijichanja kifuani, upande wangu. Wewe jichanje wako. Habari ya mke nimeiacha, sikutafutii. Hata mimi sitafuti.

Nduguyo, ukikubali,
Mosi


Shuleni
9 Aprili 1915

Ndugu yangu Mosi,

U hali gani? Homa imekuacha? Barua yako imefika leo, na leo nimejichanja. Kuku nimemchinja mwenyewe. Ini nimekula nusu. Nusu yako nimeikausha juu ya moto. Njoo uile, hata ikiwa ngumu kama kiatu cha askari.

Niandikie neno moja tu, nitakufuata huko huko.

Nduguyo,
Kasiani


Shuleni
2 Machi 1916

Kwa Mjomba Maneno na wajomba wote wa Mosi, Kinole

Shikamooni. Poleni kwa msiba wetu.

Yunusi, mpagazi mwenziwe, amerudi. Homa ilimchukua Mosi mwezi Machi mwaka jana, kabla jibu langu sijaliandika. Kila jioni aliwaambia wenzake, "Namngoja ndugu." Walimwacha kando ya njia.

Nasikia mmesema, "Mwalimu ni rafiki tu. Rafiki hakai mkeka wa wafiwa, wala hanyolewi pamoja nao. Na chale ya mtu peke yake si chale." Mimi nimebishana na mapadre, na maakida, na marehemu mwenyewe. Leo sina hoja. Nina kovu kifuani, na kipande cha ini kilichokauka.

Wajomba, nyinyi mliomlea: siku ya tanga nitengeeni nafasi mkekani, upande wa ndugu. Leteni wembe. Ninyoeni.

Ndugu wa Mosi,
Kasiani