Kahawa Iliyobaki kwa Wakili

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Wilaya ya Karagwe
Kosa: Kuharibu mali (migomba), kata ya Nyabiyonza
Tarehe: 27 Julai 1991, saa 4:30 asubuhi

Jina: Gosbert Mutalemwa
Umri: Miaka 58
Kabila: Mnyambo
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mwenye hoteli ya chai, zamani tarishi wa mahakama
Makazi: Bugene

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kusema kweli, na nitaisema, ingawa sehemu kubwa ya kweli hiyo inanihusu mimi kuliko mama aliyeko mahabusu. Afande alitaka nieleze niliyoyaona shambani tu. Nimemwomba nianzie mbali kidogo. Ameguna, lakini amekubali.

Hoteli yangu iko hapo basi la Bukoba linaposimama. Huku kwetu hakuna wakili. Mawakili wako Bukoba, nao hawamjui mtu wa Nyabiyonza wala hawana haja ya kumjua. Kwa hiyo tangu mwaka 1980 watu wenye kesi huja kwangu. Ninasoma hukumu, kisha naandika ukurasa mmoja: nani anagombana na nani, kwa kitu gani, mahakama imesemaje, na siku ya mwisho ya kukata rufaa ni ipi. Wakili hana muda wa kusoma machozi ya mtu, anataka ukurasa mmoja. Namjua anayependa kesi za mashamba, namjua wa mirathi, namjua asiyetaka kabisa ugomvi wa mtu na shemeji yake. Namchagua mmoja, nampa kondakta bahasha.

Pamoja na bahasha huenda kamwani, yaani kahawa ya kutafuna, imefungwa katika jani kavu la mgomba. Mtu wa kwetu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Wakili akiikataa kesi, bahasha hurudi na kahawa yake haijafunguliwa. Akiichukua, kahawa hairudi. Zamani mawakili waliandika na barua ya kukubali. Miaka ilivyokwenda barua zikakoma, nasi tukaridhika na kahawa. Hakuna wakili atakayetafuna kahawa ya mtu aliyemkataa. Hilo sikuambiwa na yeyote, nililijua tu, na hapa Karagwe hakuna asiyelijua. Kwa miaka kumi na moja halikunidanganya, nikajiona fundi. Nilizoea kuwatania mawakili kupitia kwa kondakta kwamba wao wana digrii, mimi nina birika.

Mnamo tarehe 8 Mei 1991, saa tatu asubuhi, alikuja hotelini mama aitwaye Mukamusoni, mjane wa Leonidas Mbonimpa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Yeye na mumewe walitoka Rwanda mwaka 1961, wakalima vibarua, baadaye wakapewa pori Nyabiyonza wakalifanya kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Leonidas alifariki mwaka 1986 akazikwa humo humo. Kisha Protase, ambaye ni jirani yao, akadai kwamba baba yake aliwaazima tu lile pori. Tarehe 6 Mei Mahakama ya Wilaya ilimpa Protase ushindi. Mukamusoni alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa Mahakama Kuu Bukoba, yaani hadi tarehe 5 Juni.

Nilimuuliza anataka nini hasa. Akasema, "Mzee Gosbert, hata wakigawa, wagawe. Mimi waniachie upande wa kaburi. Nikifa nilale na Leonidas."

Niliandika ukurasa wake vizuri kuliko kawaida, kwa sababu nilimwonea huruma na kwa sababu kesi ilikuwa nzuri. Mwenyekiti wa zamani wa kijiji alikuwa hai, na aliyashuhudia makabidhiano. Nilimchagua wakili Gaudiosus Kajuna, mtu wa mashamba. Tarehe 14 Mei, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilimpa kondakta bahasha pamoja na kamwani aliyoichemsha na kuikausha Mukamusoni mwenyewe.

Ijumaa tarehe 17 Mei basi lilirudi. Bahasha mbili za watu wengine zilikuwa zimekataliwa na mawakili wengine, zikarudi na kahawa zake. Ya Mukamusoni haikurudi. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu akingoja. Nilimwambia, "Mama, nenda kalime. Umepata wakili." Alipiga magoti akanishukuru kwa mikono miwili. Nilifurahi sana siku hiyo. Naona aibu kulitamka, lakini nilifurahi.

Kila wiki alikuja kuuliza, nami nikamjibu kwamba wakili akinyamaza ujue yuko kazini. Tarehe 3 Juni, saa mbili asubuhi, alikuja na kikapu na kanga ya kubadili. Alisema moyo wake haujatulia, anataka kupanda basi akamwone wakili kwa macho yake. Nilimzuia. Afande, naomba liandikwe hivyo hivyo: mimi Gosbert ndiye niliyemzuia. Nilimwambia ni dharau kumfuata mtu aliyekwisha kutafuna kahawa yako, atadhani humwamini. Alisimama kidogo akiangalia basi. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayewajua, baba," akarudi Nyabiyonza kwa miguu. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Tarehe 24 Julai, jioni, alinitumia karatasi ya dalali wa mahakama. Ilisema kibanja kitakabidhiwa kwa Protase siku ya Ijumaa tarehe 26. Niliisoma mara tatu. Nilijua kwamba kama rufaa ingekuwapo, wakili asingekaa kimya namna hiyo.

Tarehe 25 Julai nilipanda basi, nikafika ofisini kwa wakili Kajuna saa tisa alasiri. Nilimkuta karani mgeni, kijana mstaarabu aliyetoka Singida, ameanza kazi mwezi wa nne baada ya karani wa zamani kustaafu. Nilimuuliza habari ya bahasha. Alifungua kabati, akaivuta kutoka kwenye rundo la karatasi za watu ambao hawajafika wenyewe ofisini. Uzi niliofungia ulikuwa bado umefungwa. Nikamuuliza kuhusu kahawa. Alitabasamu, akasema, "Ile zawadi aliyoleta kondakta? Niliipokea, mzee, asante sana. Niliwapelekea majirani, sisi kwetu hatuitafuni."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi?

Wakili Kajuna alitoka chumbani kwake, akasimama hapo hapo, akaisoma. Haikumchukua hata dakika tano. Alisema, "Mzee, kesi hii ningeichukua." Nilimuuliza kama haiwezekani tena. Alisema inaweza kuombwa ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, lakini Mahakama Kuu itataka sababu ya kuchelewa. "Niandike sababu gani?" aliniuliza. "Niandike mlituma kahawa?" Hakusema kwa kejeli, alikuwa anauliza kweli. Alisema atafikiri, akanirudishia bahasha. Nililala kwa ndugu yangu hapo Bukoba, au niseme nilijilaza.

Tarehe 26 Julai nilishuka Bugene saa saba mchana, nikapata lori la kahawa hadi Nyabiyonza. Nilifika kwenye kibanja saa kumi jioni. Vitu vya Mukamusoni vilikuwa vimetolewa nje: kitanda, sufuria tatu, mtungi, picha ya harusi ya binti yake Kantengwa. Dalali alikuwa ameondoka. Protase alikuwapo, na mgambo wawili, na majirani kama kumi na watano.

Mukamusoni alikuwa anakata migomba kwa panga. Hakupiga kelele wala kutukana. Alikwenda mmoja mmoja, akikata na kuutaja. Nilimsikia akisema, "Huu alipanda Leonidas. Huu niliupanda nina mimba ya Kantengwa. Huu tulipewa na mama mmoja wa Kibingo. Protase atapanda yake." Iliyolala chini nilipofika ilikuwa mingi, mingine ina mikungu michanga. Nimeulizwa kama Protase alimtendea ukali. Najibu, hapana. Alikuwa amejishika kichwa, anambembeleza, "Waitu, mama, acha, basi, acha." Mgambo waliogopa kumsogelea.

Mimi nilimsogelea. Aliponiona, panga likasimama hewani. Aliniuliza, "Mzee Gosbert, umetoka Bukoba? Wakili amesemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Anakuja, mama."

Aliliweka panga chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Basi ningoje. Ningejua nisingekata." Akaketi kando ya kaburi la mumewe, mgambo wakamchukua bila taabu yoyote. Akiondoka aliwaambia wasimpeleke mbali, wakili wake asije akamkosa.

Nimeulizwa kama nilimshuhudia mtuhumiwa akikata migomba ya Protase. Ndiyo, nilimshuhudia, siwezi kumsaidia kwa uongo mwingine. Nimeulizwa kwa nini nilimdanganya. Niliogopa uso wake. Sina sababu nyingine. Mimi si mtu wa kulia, afande ni shahidi kwamba leo nimelia.

Asubuhi hii nilipopita dirishani kwa mahabusu nilitaka kumweleza. Alikuwa amenawa uso na kufunga kitambaa vizuri. Aliniuliza basi la Bukoba linafika saa ngapi siku ya Jumamosi. Nikamtajia saa, nikapita.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, sijapunguza. Nimesomewa kwa sauti na nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: G. Mutalemwa

Maelezo ya mpokeaji: Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kwa usahihi kadiri shahidi alivyoyatoa, kwa Kiswahili, kwa hiari yake. Bahasha aliyoileta imepokelewa kama kielelezo. Saa 8:00 mchana nilimtoa mtuhumiwa Mukamusoni mahabusu ili naye aandikishe maelezo. Alikataa kwa heshima. Alisema anamngojea wakili wake wa Bukoba, kwa kuwa kesi yake ilikwisha kuchukuliwa. Nimemrudisha. Sikumweleza lolote.

E. 2217 Koplo Polikarpi