Kaptula za Klabu ya Bwana Paramjit

Levolosi, Arusha
3 Machi 1996

Mwanangu Bariki,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua utachelewa. Hujambo huko Nairobi? Kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima, ila hili goti la kukanyagia cherehani linajua mvua ya Meru kabla ya redio. Baba yako huko Nkoaranga hajambo, na mkewe hajambo zaidi.

Sasa nikueleze hali. Tangu marobota ya mitumba yajae sokoni Kilombero, hakuna anayeshonesha gauni. Msichana analichagua la Ulaya, analikung'uta vumbi, Jumapili yuko nalo kanisani, na mimi niliyemshonea mama yake la harusi ananisalimia vizuri tu. Nimebaki na majoho ya kwaya, na joho la kwaya halichakai upesi. Mzee Noordin mwenye nyumba ameniambia kwa upole, maana ni muungwana, kwamba watu wengi wanakitaka chumba changu wakifanye duka. Amenipa hadi mwisho wa mwaka. Nikishindwa, nitapakia cherehani zangu mbili nirudi kwa kaka, nikaombe chumvi kwenye jiko la mke wa kaka. Wewe ulikaa naye miaka miwili baada ya mama yako kufariki, kabla sijakuchukua, kwa hiyo sina haja ya kueleza. Sitaki, Bariki. Nina miaka hamsini na tatu na sijawahi kuomba chumvi.

Lakini Mungu si Athumani. Juzi amekuja Bwana Paramjit, yule Singh mwenye duka la spea. Ana klabu ya wapanda baiskeli, wanaume ishirini na wawili, wanataka kuvaa sare: fulana, na zile kaptula za kubana wanazovaa Wazungu. Aliniuliza kama naweza. Nilisema naweza. Nguo yenyewe sijawahi kuishika, lakini wewe ndizo unazouza huko dukani. Nitumie moja niifumue nione ndani yake.

Shangazi yako,
Tekla


Nairobi
21 Machi 1996

Shangazi, shikamoo.

Kikohozi kimeisha, nakula vizuri, na kanisani nakwenda, ingawa si kila Jumapili. Pole na goti.

Nguo nimempa dereva wa basi la Namanga. Ni sampuli ya zamani, Bwana Mohsin, bosi wangu, hataiulizia. Huku kwetu, Shangazi, hizi nguo zimekuwa vita. Tulianza na kampuni moja ya Italia, sasa zipo nne, ipo ya Kifaransa, zipo mbili za Kiingereza, na mwezi jana ameingia Mmarekani. Kila moja inajiita bora kuliko zote. Mimi ninayefungua maboksi nakuambia kitambaa ni kilekile na uzi ni uleule, kinachobadilika ni jina kifuani. Wiki iliyopita daktari mmoja alirudisha fulana aliyoipenda kwa sababu jirani yake anayo yenye jina hilohilo. Wanunuzi ni walewale mia moja, na wauzaji wanaongezeka. Ukiweza kuwashonea watu wa hapo nguo yenye jina la hapo, utawashinda wote.

Kitambaa kinachovutika kinapatikana Eastleigh, nimekuwekea kipande cha kujaribia, kingine nitatuma. Mishono iwe bapa. Kuhusu kile kitu cha ndani ya kaptula, utakiona mwenyewe. Mimi siwezi kukueleza.

Mwanao,
Bariki


Levolosi
5 Mei 1996

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, tumeloa tu. Mzigo umefika, na kitambaa chote pia kimefika.

Fulana haina maajabu. Kaptula nilifunga mlango ndipo nikaifumua. Kitambaa chako kimenisumbua siku nne, sindano inaruka mishono, mpaka nikapata ya ncha butu kwa fundi mmoja wa kule Kijenge. Sasa kinatii. Kile cha ndani nacho nimekiona. Nimekishughulikia, na tusiandikiane habari zake.

Kuwapima wanaume ishirini na wawili mapaja lilikuwa jambo jingine. Nilimpa Bwana Paramjit utepe, nikageukia dirishani, akawa anawapima na kunisomea namba. Mishono nimeikunja na kuipitia mara mbili, ile niliyokufundisha kwenye suruali za shule. Haifumuki hiyo mpaka Bwana arudi. Wamekuja kujaribu, wamesimama mbele ya kioo, wakageuka, wakafurahi. Bwana Paramjit anasema klabu yao tangu ianze imepanda baiskeli kwa suruali za kawaida, na sasa wamekuwa watu.

Niombee, Bariki. Nikipata kazi hii, zipo klabu Moshi na zipo kampuni za watalii. Chumba kitakuwa changu.

Shangazi yako,
Tekla


Nairobi
10 Julai 1996

Shangazi, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima, roho haiko sawa, na nimeichana barua hii mara mbili.

Bwana Mohsin amesikia habari za klabu ya Arusha. Huku soko limejaa, anatafuta pa kupumulia, na amenituma nije na nguo zake nimwoneshe Bwana Paramjit. Akiipata klabu hiyo atafungua tawi hapo Arusha na mimi nitakuwa meneja. Sikumwambia kwamba fundi anayeshindana naye ndiye aliyenilea. Ukisema nisije, sitakuja.

Mwanao,
Bariki


Levolosi
17 Julai 1996

Mwanangu,

Hujambo? Nilisoma barua yako nikaiweka chini ya pasi, nikaisoma tena jioni.

Njoo. Kilombero wauza ndizi wanakaa bega kwa bega na kila mtu anakula. Nimezungumza na Bwana Paramjit naye amesema vizuri: siku ya Nane Nane watapanda kutoka mjini hadi Ngare Nanyuki na kurudi, kumi na mmoja wamevaa nguo zangu, kumi na mmoja za bosi wako. Jioni watachagua. Nikishindwa kwa haki, nitakupa mkono.

Ila ukilala gesti nitakasirika. Kitanda chako kipo.

Shangazi yako,
Tekla


Nairobi
15 Agosti 1996

Shangazi, shikamoo, kama bado utaipokea.

Niliondoka Arusha siku ileile bila kukuaga. Ulikuwa umekaa mbele ya duka la Bwana Paramjit na chupa ya chai, unawangoja, nami nikapita barabara ya nyuma. Nitakueleza kwa nini, maana najua hakuna mwingine aliyekueleza.

Hadi Usa River hapakuwa na shida. Lami ilipoisha, ile njia ya kupanda yenye mawe na mawimbi ikaanza, na mimi niko nyuma kwenye pikapu. Waliovaa nguo zako wakaanza kusimama kwenye pedeli. Wanakaa, wanasimama. Bwana Paramjit alikuwa wa kwanza kushuka, na sitakueleza alivyotembea. Akaniita kando, akaniuliza, "Bariki, hizi kaptula zimekosa nini?"

Nilijua, Shangazi. Nilijua tangu asubuhi nyumbani kwako, nilipoinyanyua moja nikaiona nyepesi. Kile kitambaa kinene cha ndani ndicho mto wa mpanda baiskeli. Kisipokuwepo, mtu anakalia mishono, na mishono yako ilikuwa imara mno. Ni kazi ya siku mbili tu kuvishona. Ningemwambia hivyo, angekungoja. Nikamwambia, "Bwana, nguo hizi zinataka wataalamu." Kisha nikafungua boksi la Mohsin, nikawagawia wakabadilisha kwenye migomba ya watu.

Asubuhi ile niliangalia pembeni. Mlimani nilisema uongo. Nilikuwa nautaka umeneja. Bwana Paramjit ametuandikia, amechukua nguo zetu zote ishirini na mbili.

Mwanao,
Bariki


Levolosi
20 Oktoba 1996

Bariki,

Barua zako tatu nimezipata. Sikujibu kwa sababu nilichotaka kuandika kisingevuka Namanga. Mimi ni mzima. Wewe je?

Nikueleze nilichofanya. Nilipoifumua kaptula yako nikakuta kile kitu, nikadhani ni ya mgonjwa, mtu mzima asiyeweza kujizuia, na kwamba bosi wako kakupa hiyo kwa sababu haiuziki. Nikasema, maskini, ndiyo maana mtoto ameshindwa kunieleza. Nikakitoa, nikakichoma jikoni nikiwa peke yangu, nisimtie mtu aibu. Ningemuuliza nani? Wanaume ishirini na wawili?

Baada ya Nane Nane walinirudishia nguo zimefuliwa na kukunjwa, na asante nyingi. Hakuna aliyesema neno. Nikaenda kwa Bwana Paramjit nikamtaka anieleze usoni. Akababaika, akamwita mkewe. Mkewe akanieleza, nami nikamweleza nilivyodhani, tukacheka hadi tukashika ukuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, kumbe walikuwa wanasema kaptula. Siku ya tatu barua yako ikafika, na kicheko kikaisha.

Sikiliza. Kukosea ni kwangu, kunyamaza ni kwako, usivichanganye. Wewe uliona aibu kuniandikia, mimi niliona aibu kukuuliza, hapo tumelingana. Lakini kule mlimani hapakuwa na aibu yoyote ya heshima. Palikuwa na umeneja. Uliniumiza sana, Bariki. Nilikulea usije ukasimama namna ile mbele ya watu.

Vitambaa vya ndani nimevishona vyote, vya sponji na pamba laini, ingawa kazi imekwenda. Nilitaka tu kujua kama naweza. Naweza.

Shangazi yako,
Tekla


Nairobi
30 Novemba 1996

Shangazi, shikamoo.

Natumaini goti linakuruhusu. Mimi silali vizuri.

Bwana Mohsin alisafiri wiki jana kutafuta mahali pa tawi. Amerudi amefurahi, amepata chumba kizuri Levolosi, chenye baraza, kwa mzee mmoja muungwana. Nilimwuliza jina la mzee. Shangazi, ni chumba chako. Mkataba umeshasainiwa, unaanza Januari, na mimi ndiye nitakayekaa ndani yake.

Sikujua. Naapa sikujua. Nikiacha kazi atamweka mtu mwingine palepale, na wewe utatoka vilevile. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Bariki


Levolosi, Arusha
9 Desemba 1996

Kwa Meneja,
Duka la Nguo za Baiskeli,
Levolosi.

YAH: OMBI LA KUKAA BARAZANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani wa miaka thelathini na moja kazini. Naomba nafasi ya cherehani moja kwenye baraza ya duka lako, upande wa kushoto wa mlango, ambako jua haliingii kabla ya saa nane. Sitawazuia wateja kupita. Nguo zenu zimekatwa kwa viuno vya Ulaya, na Jumapili nawaona watu wa klabu zinavyowapwaya, kwa hiyo kazi ya kupunguza haitakosekana. Cherehani ya pili nitaiuza.

Nimeandika kiofisi makusudi. Meneja anaweza kumkatalia fundi, lakini mtoto hawezi kumkatalia shangazi yake, na mimi sitaki kukaa pale kwa sababu umeshindwa kusema hapana. Wala siombi kwa ajili ya yale ya Agosti. Yale nilikusamehe hata kabla sijakuandikia. Niliendelea kukasirika kwa sababu hasira ilinisaidia kumaliza vile vitambaa.

Mzee Noordin alikuja mwenyewe kuniambia, akakaa, akanywa chai, akashindwa kuniangalia. Hana kosa. Kaka naye ametuma mtu aniulize nitakuja lini Nkoaranga. Sijamjibu, nangoja jibu lako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Tekla Eliasi, fundi
(na shangazi yako)


Nairobi
16 Desemba 1996

Shangazi, shikamoo.

Ombi lako la baraza nimelikataa, kama meneja. Barazani tutatundika nguo. Cherehani zitakaa palepale zilipo, zote mbili. Nimemwambia Bwana Mohsin kila kitu, hata lile la mlimani. Alisema mtu aliyemfanyia hivyo shangazi yake naye itabidi amchunge. Kisha akauliza kama fundi huyo anaweza kuanza kupunguza kaptula thelathini kabla ya mwaka mpya.

Mjibu baba kwamba una kazi.

Ufunguo wa kufuli jipya umo ndani ya bahasha hii. Nimepewa mmoja tu. Nitafika tarehe mbili asubuhi, nitasimama nje nibishe hodi.

Mwanao,
Bariki