Wanakuja Kushika Ukuta Wangu

Jumatatu, 3 Februari

Maandazi yameungua upande mmoja. Mkaa una maji, na mimi nilikuwa kwenye geti badala ya kugeuza. Watu wanagonga tangu alfajiri. Hawaji kununua. Wanakuja kuangalia ukuta.

Wiki iliyopita, siku ile ya risasi za vita kutoka ng'ambo ya mpaka, moja iliingia kwangu. Ilipasua kioo cha dirisha la jikoni ikazama ukutani, pale pale kichwa changu kinapokuwa nikikaanga. Bado imo. Tundu lake kidole kinaingia. Najua kinaingia kwa sababu leo kila mtu ameingiza chake.

Mwanamke mmoja katoka Nyamyumba kwa pikipiki, simjui hanijui, akabusu plasta. Akabusu! Ukuta wenye mafuta ya miaka. Mwenzake akaninong'oneza, "Mama, we iko mutu ya Mungu kabisa." Nikamuuliza kama atachukua maandazi. Hakuchukua.

Kinyaa. Sina neno jingine.

Geti langu linatazamana na la Mama Kevine. Dakika ile ile risasi nyingine iliingia kwake. Mumewe Faustin, seremala, shemasi wa kanisa letu, tulimzika Alhamisi. Matanga bado yapo, watu wanakaa uani kwao chini ya hema. Na hawa wanaotoka kwangu wanapita mbele ya hema hilo wakiimba haleluya. Hawana hata aibu ya kushusha sauti.

Jumanne, 4 Februari

Pasta kaja na mkewe. Jumapili kuna ibada ya shukrani, Mungu ametulinda. Mimi ndiye nitatoa ushuhuda. Ni mwenyekiti wa kina mama, siwezi kujificha nyuma ya nguzo. Alitaka pia tuichimbue risasi iwekwe madhabahuni juu ya kitambaa cheupe. Nikasema ukuta ni wangu na nyundo ni yangu. Hapo akaacha.

Akauliza nilikuwa nafanya nini saa ile. Nikamwambia kweli. Panya. Alikuwa amekula unga, nikamfuata chini ya kabati, nimeinama, mkono mmoja chini, mwingine na kandambili, namtukana yeye na mama yake aliyemzaa. Nikasikia kioo. Basi.

Pasta alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Bon. Uliinama. Mutu akiinama, donc iko anapiga magoti. Useme ulikuwa unaomba."

Nilingoja acheke tena. Hakucheka. Mama Pasta alikuwa anatikisa kichwa kwa utamu, macho yamefumba. Na mimi, mwanamke mzima niliyekulia Karagwe nikipigwa viboko kwa kusema uongo, nikaitikia. Nikawatengenezea na chai.

Jumatano, 5 Februari

Harufu. Nilidhani panya kafia ndani. Nimesogeza kabati, magunia, kitanda. Hakuna. Mchana nikaifuata harufu kwa pua mpaka geti, mpaka kwa Mama Kevine.

Chumba cha mbele. Alikifunga siku ile walipomtoa Faustin kumpeleka hospitali, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge. Watoto wanalala chumba cha nyuma. Watu wamekaa uani hapo siku zote hizi, wameimba, wamehubiri, wamepiga magoti, wamekula wali. Hakuna aliyeuliza habari za chumba. Hata mimi. Tulikuwa tunaziba pua tunasema ni mtaro.

Aliyeuliza ni Zuhura, fundi cherehani, wa zile familia za Kiislamu za zamani pale mjini. Alikuwa amekuja kutoa pole tu. Akainusa hewa, akamwendea Mama Kevine, akanyoosha mkono. "Dada, nipe ufunguo." Akapewa.

Sitaki kuandika na nitaandika. Nzi. Meza aliyoichonga Faustin mwenyewe, nyeusi kwa damu. Sahani za maharage zimeota manyoya ya kijani, zote zimejaa mpaka juu, hakuna iliyoguswa. Kiti kimeanguka. Nilitoka nikatapika kwenye shina la mgomba mbele za watu. Nikajifuta. Nikarudi na ndoo.

Zuhura alisugua kwa majivu, kisha mchanga, kisha sabuni ya unga. Alifunga mtandio puani, akapandisha gauni, akapiga magoti kwenye uchafu ule, kweli kweli, si kama nilivyofundishwa kusema mimi. Alizungumza maji tu. Lete mengine. Mwaga hayo. Hakutaja Mungu hata mara moja. Hema zima lilikuwa linamtaja nje kwa nyimbo.

Nikiulizwa leo Mungu amefanya nini hapa mtaani kwetu Mbugangari, nitaonyesha ile meza. Ukuta wangu hapana.

Alhamisi, 6 Februari

Bombani asubuhi. Foleni ndefu. Wanawake wa kanisani, ninaowajua, ninaoimba nao. Wanasema Faustin lazima alikuwa na jambo. Shemasi, eh, lakini ya sirini nani anajua? Kwani huyu Mama Yvette si risasi ilimkwepa? Mungu haui mutu bure. Walinigeukia nikubali, kama vile mimi ndiye kipimo, upande huu msafi, upande ule mchafu.

Kevine alikuwa kwenye foleni. Ana miaka tisa. Bidoni yake ya maji ilikuwa inajaa. Hakulia. Alisubiri ijae, akaifunga, akaibeba, akaenda.

Nilitaka kumwaga maji juu ya mtu. Nikasema "yewe, muache" basi, kwa sauti ndogo ya mgonjwa. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Tumeanua matanga. Hotuba, fanta, brosheti za nyama, hema limevunjwa. Pasta alisema kazi ya Mungu haina makosa, Faustin amepumzika, na wote tusikose shukrani Jumapili. Matanga yameisha kwa tangazo!

Tukabaki wawili na Mama Kevine kuosha masufuria. Akaniuliza bila kunitazama, "Eti ulikuwa unaomba?"

Nikasema hapana. Nikamwambia panya. Nikamwambia kandambili. Nilidhani atanirushia sufuria. Akaendelea kusugua.

Kisha akasema, "Faustin ndiye alikuwa anaomba."

Walikuwa wamekaa mezani. Yeye anabariki chakula. Macho amefumba, watoto wamefumba, mkono wake juu ya kichwa cha mdogo. Ameanza, "Asante Baba kwa chakula hiki." Hakufika mbali.

Ndiyo maana sahani zilikuwa zimejaa.

Na Kevine, tangu arudi kutoka bombani jana, anamuuliza mama yake kitu kimoja. Baba alikosea wapi kwenye ile sala? Anataka aonyeshwe neno lenyewe. Mtoto anafikiri baba yake aliomba vibaya, ndiyo akauawa, na mimi niliomba vizuri.

Mama Kevine akaniuliza Jumapili nitasema nini. Niliinua sufuria nikaenda kumwaga maji. Nilikaa huko nyuma muda mrefu kuliko maji yenyewe.

Jumamosi, 8 Februari

Mama Pasta kaniletea kitenge kipya cha kuvaa na utepe mweupe. Kanisimamisha sebuleni kwangu tufanye mazoezi. "Magoti, mama. Si panya. Panya inaharibu." Nikasema magoti. Nikasema tena kwa hisia. Alitoa machozi. Yake ya kweli kabisa, hilo ndilo linanitisha, huyu mama haigizi.

Alipoondoka nikatapika tena. Leo hakukuwa na nzi.

Nimekaa na hasira. Hasira na Pasta, na wale wa bombani, na wewe pia, Mungu, usijifanye hayakuhusu. Kama uliisogeza hii risasi ya kwangu, ile ya Faustin uliiacha? Mimi mwenye matusi mdomoni, yeye mwenye jina lako mdomoni? Mungu wa namna hiyo simtaki. Sitakwenda kumshukuru mtu anayechagua hivyo, awe mbinguni awe wapi.

Sasa hesabu ya hofu yangu, nisijidanganye. Wanaonunua maandazi karibu wote ni wa kanisa letu. Uenyekiti naupenda. Napenda kuitwa mama. Binti yangu Yvette yuko Kigali, hapa sina ndugu, kanisa ndilo ndugu. Nikiharibu kesho, nitaharibu vyote kwa mara moja.

Lakini hiki kichefuchefu. Tangu Jumatatu nakiona kama imani yangu imelegea. Leo nimefikiri vingine. Nimemeza mengi maishani mwangu pale kanisani na yakashuka vizuri tu, nikasema amina. Hili halishuki. Nalisukuma, linarudi. Pengine si langu peke yangu. Pengine ndivyo Mungu anavyofanya kazi kwangu, ananizuia kumeza. Siyo muujiza mzuri wa kuonyesha watu. Ni tumbo tu.

Sijui. Nimepiga pasi gauni langu la zamani.

Jumapili, 9 Februari

Nimesema.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Kevine mstari wa pili na watoto wote, nguo nyeusi. Sikutegemea aje. Kijana wa simu anapiga video. Pasta akanitambulisha, mama aliyekuwa magotini. Haleluya nyingi.

Sikumbuki yote. Nilisema sikuwa magotini, nilikuwa nawinda panya kwa kandambili. Wakacheka, walidhani ni mzaha wa kuanzia. Nikasema aliyekuwa anaomba saa ile ni Faustin. Alikuwa anabariki chakula, mkono juu ya kichwa cha mtoto, akauawa akiomba, na sala yake haikuwa na kosa. Haikuwa na kosa, nilirudia. Nikasema aliyepiga magoti mtaa wetu ni Zuhura, mnamjua, anawashonea sare za kwaya, alipiga magoti kusugua damu ya shemasi wetu sisi tukiwa nje tunaimba. Kama mnatafuta Mungu alikuwa wapi, uacheni ukuta wangu.

Hapo kipaza sauti kikafa. Nikaendelea bila hicho. Nimeuza maandazi stendi, sauti ninayo. Kwaya wakaanza wimbo kunifunika. Nilishindana nao kidogo. Nikashindwa. Nikashuka.

Mama Kevine alikuwa ameshasimama. Alichukua watoto akatoka, hakunitazama. Niliona mgongo wake tu. Nilifikiri, nimemvua nguo mwenzangu mbele ya kanisa zima, nimetangaza kifo cha mumewe bila kumuomba ruhusa, na nimeita hiyo kweli. Yooo.

Nje Pasta alinishika mkono. "Umemwaibisha Mungu." Nikauchomoa mkono wangu, nikaenda nyumbani.

Jumatatu, 10 Februari

Nimevuliwa uenyekiti. Ujumbe umekuja kwenye kundi la simu, na picha za maua mwishoni. Kisha nimetolewa kwenye kundi.

Jumanne, 11 Februari

Maandazi yamebaki beseni nzima. Madereva wa pikipiki wamenunua machache. Mmoja akasema, "Mama ya panya, leta mbili," akacheka, akalipa, sikuchukia.

Hakuna aliyekuja kushika ukuta. Nimekoroga saruji nikaziba tundu. Risasi nimeiacha humo humo, sina haja nayo.

Kwa Mama Kevine geti limefungwa. Nilisimama mbele yake na beseni. Nikarudi.

Jumatano, 12 Februari

Zuhura kanipigia kelele barabarani. Kasikia nimemtaja kanisani. Hakupenda hata kidogo. "Mi sikufanya vile ili unitangaze, dada. Nyumba ilikuwa inanuka." Nikamwomba msamaha. Kasema basi, nimletee maandazi kumi, ya kununua, siyo ya bure. Nilipompelekea alikuwa na kazi nyingi, tukasalimiana kwa kichwa tu. Nilirudi nyumbani nimechoka na sijui kama nimefanya jambo zuri hata moja wiki hii.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua asubuhi. Nilipika maharage mengi kuliko mtu mmoja anavyokula. Sikujiuliza kwa nini.

Mchana Mama Kevine kaja na watoto. Hakusema habari ya Jumapili. Kasema mkaa wake umelowa, ana maharage mabichi, kama naweza kumpikia. Nikasema yangu yameiva. Wakakaa.

Nilipakua. Hakuna aliyegusa sahani. Mama Kevine akaniambia pole pole kwamba kwake siku hizi hawaombi. Watoto hawataki kufumba macho. Ukiwalazimisha wanapiga kelele. Basi wanakula hivyo hivyo.

Nikasema kwangu hakuna anayelazimishwa kufumba. Nilidhani yameishia hapo, nikashika kijiko.

Kevine akasema ataomba yeye. Mama yake akamtazama. Mimi nikaweka kijiko. Hatukufumba hata mmoja wetu. Mdogo alikuwa anaangalia dirisha, mama yao anaangalia mlango, mimi namwangalia Kevine, na yeye kaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wake.

"Asante Baba kwa chakula hiki," akasema. Akatua kidogo. Kisha akaendelea, akaomba kwa ajili ya waliopika, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya wasio nacho. Hakuharakisha. Akafika mpaka amina.

Tukala.