Hii Ni Amana ya Nani?

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kesi ya tatu imekwisha kwa swali moja! Davinder, bosi wangu, kaniita mbele ya timu nzima na kusema swali langu lifundishwe kwa kila ofisa wa uwanja wa ndege. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu — wa uongo. Moyoni nilikuwa nacheka.

Jambo lenyewe ni rahisi. Wenzangu wakifungua begi la mama wa Kisomali na kukuta miraa iliyokaushwa, ambayo huku ni haramu, ndani ya pakiti za hina, humwuliza kama begi ni lake. Naye hujibu: ndiyo, langu. Basi, kajifunga mwenyewe! Hawajui kwamba kwetu ukikabidhiwa mzigo wa mtu huufungui, na ukiulizwa njiani unasema ni wako, maana ukipotea wewe ndiye utakayedaiwa. Kuukana ni kama kuutupa barabarani. Mimi siulizi hivyo. Nauliza: hii ni amana ya nani? Hapo mama anashusha pumzi na jina linatoka. Mara tatu, jina lile lile: Sugow wa Eastleigh, Nairobi. Kijana mpole, anawapa wasafiri "zawadi za harusi".

Miaka kumi na moja ya upelelezi wa uhamiaji na forodha, na swali langu bora kuliko yote nimelitoa nyumbani Garissa. Hooyo, mama yangu mzazi, aliliuliza kila alipokuta mzigo mgeni mlangoni. Kozi zao zote hazikunipa kitu kama hicho.

Naandika Kiswahili kwa sababu wanangu hawakisomi. Wanakielewa vizuri tu, ila wananijibu kwa Kiingereza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefundisha. Audrey, wa dawati la pili, Mwingereza mzaliwa wa hapa hapa Kings Heath, kalirudia swali mpaka likamkaa. Hilo neno "amana" analiita kama anaita paka! Nikamwambia: usimsimamie mtu kichwani. Keti. Shusha sauti. Anashika haraka, simnyimi haki yake.

Na Hooyo anakuja Jumamosi! Viza alinyimwa mara mbili, safari hii kapewa. Hajawahi kuwatia machoni wajukuu zake. Abdirizak, mume wangu, kapaka rangi chumba cha nyuma na kudondosha nusu ya rangi kwenye zulia. Hata sikugomba. Great Barr, mtaa wetu mzima, utajua mama yangu amefika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hooyo kapiga simu, anafunga mabegi. Nikamwuliza kama kaweka nyirinyiri. Kaweka, tena kopo zima! Nikamwambia aitoe, nyama hairuhusiwi kuingia. Akaguna, akakubali.

Kisha akasema: "Lakini hina siachi, hiyo ni ya wenyewe. Ni ya bibi harusi huko kwenu. Nimepewa na jirani ya shangazi yako hapa Eastleigh, Sugow. Kijana ana adabu huyo!"

Nilikaa kitako kwenye ngazi.

Ningesema "iache", angemrudishia Sugow na kumweleza kwamba mimi, binti yake, nimekataza. Hooyo hajui kuficha sababu. Sugow angetoweka, na mimi ningekuwa nimetoboa siri ya kazi. Hilo ni jela. Ya nyirinyiri niliweza kusema, ya hina sikuweza. Nikasema: safari njema, Hooyo. Nimejichukia. Bado najichukia.

Nimempigia Davinder, nimemweleza yote, nikaomba mwenyewe niwekwe kando. Jumamosi siko kazini na siruhusiwi kukaribia meza ya ukaguzi. Audrey ndiye atakayemsimamisha.

Abdirizak: "Yaani umemripoti mamako?"

Nikamjibu nimemripoti Sugow. Kaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo nimetulia. Mbona wasiwasi wote ule? Audrey atauliza, Hooyo atamtaja Sugow, na hapo anakuwa shahidi wetu. Akisema "langu" na kunyamaza, ndipo mambo yanaharibika: anashtakiwa, au viza inafutwa na anarudishwa bila kumwona hata mjukuu mmoja. Lakini hatafika huko. Swali hilo halijaniangusha hata mara moja!

Nimekoroga unga wa anjera. Kesho jioni atakuwa kwenye sofa yangu, analalamikia baridi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika garini, maegesho ya uwanja wa ndege. Ndege imetua. Abiria wake wanatoka — mabuibui, mikokoteni ya mizigo, watu wanakumbatiana. Hooyo bado. Kawaida. Ukaguzi huchukua muda wake.

Bado.

Binti yangu mdogo, kiti cha nyuma: "Mum, is she lost?" Nikamwambia hapana, bibi anaongea na rafiki za mama.

Davinder kapiga simu. Anaongea polepole, ile sauti ya kupelekea watu habari. Hina ni ile ile tuliyoitarajia. Audrey kauliza kama begi ni lake. Ndiyo, langu. Basi Audrey akaketi, akashusha sauti, akauliza swali langu. Kaliuliza vizuri kabisa, anasema Davinder, hata mkalimani kashangaa.

Hooyo akacheka! Akamwambia mkalimani: "Huyu kafundishwa na binti yangu. Hilo ni swali la nyumbani kwangu, haniulizi mgeni. Nafiso aje aniulize mwenyewe."

Tangu hapo hajafungua mdomo. Maji kakataa, chai kakataa.

Davinder anasema nisishuke garini. Nikiingia nimeiharibu kesi, na yeye pia nimemharibia. Najua. Utaratibu huo niliuomba mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Mlango nauona kutoka hapa. Nimeshafungua mkanda wa kiti, sijui nimeufungua saa ngapi.

Simu inalia tena. Ujumbe, wa Audrey.

"Mama yako anauliza mbona unachelewa. Nimwambie nini?"