Kipindi cha Mama Hakikufutwa

Astoria, Queens
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Thanasis,

Salamu nyingi zikufikie huko San Diego, wewe, wifi Loretta na watoto. Natumaini mgongo umepoa na umeacha ubishi wako wa kubeba majokofu peke yako. Sisi hatujambo. Mama mzima, kula anakula, na kulalamika ndio usiseme; wiki hii mkate wa Kosmas mwokaji hauna chumvi, wiki iliyopita ulikuwa nayo kupita kiasi. Mimi nipo, miguu inavimba lakini kazi inaenda.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili nataka ulisikie lote.

Unajua Mama aliwahi kuimba kwenye kile kipindi cha usiku cha Gil Harmon, mwaka hamsini na sita, kwa jina la Eva Fields. Wewe ulikuwa mdogo, umeachwa kwa shangazi, na mimi sijazaliwa. Tumekua tukilijua jambo hilo kama babu aliyefia ng'ambo: lilikuwepo, ila hakuna aliyeliona. Siku zile kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Walichofanya ni kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, ili vituo vya magharibi navyo vikionyeshe baadaye. Filamu zikajaza ghala, wakazitupa. Zilipokuja kanda, wakawa wanafuta kipindi cha jana ili warekodi cha leo. Watu wa makumbusho ya televisheni wanaugua moyo mpaka leo kwa hasara hiyo. Mtu pekee ninayemjua aliyefurahi ni Mama. Kila nilipomtajia, alisema kilichopotea kimepotea, nikiache. Nikadhani ni haya tu.

Nawe unanijua, nikiambiwa acha ndio kwanza nakazana. Niliacha namba yangu makumbusho, na mwezi uliopita wakanipigia. Kampuni iliyokuwa ikitangaza kahawa kwenye kipindi kile ilijiwekea nakala, ipate kuhakikisha tangazo lake limeonyeshwa. Bwana mmoja wa kampuni hiyo alizipeleka kwake New Jersey, na mjane wake alipokuwa anasafisha chumba cha chini akazikuta. Nyingi zimeharibika, zinanuka siki kwa uzee. Ya Mama imepona. Wanataka kuionyesha hadharani mwezi wa tano, lakini wakasema mwimbaji asiporidhia, hawataionyesha.

Mama alikataa katakata. Alisema akifa tuonyeshe tunachotaka. Nilimbembeleza, nikamtania kwamba anaogopa watu waone alivyokuwa mnene, mpaka akavaa lile koti la manyoya alilokatiwa na marehemu Baba mwenyewe kule kiwandani, tukaenda makumbusho kuitazama kwanza sisi wawili.

Kaka, alikuwa mzuri. Sauti ni ile ile aliyotuitia chakula kutoka dirishani, ila siku hiyo imevaa nguo za sikukuu. Nililia nikiwa nimekaa pale gizani, na nikajisifu moyoni kwamba bila ubishi wangu tusingeiona.

Wimbo ulipokwisha, Harmon akamkalisha na kuanza uchokozi wake. Akamuuliza, "Na bwana yuko wapi, mrembo kama wewe?"

Mama akacheka. "Bwana gani? Bado hajazaliwa."

Studio nzima ikaangua kicheko. Niligeuka kumtazama Mama pembeni yangu, nikamkuta amefumba macho. Akaninong'oneza kwamba watu wa kipindi walimwambia mwimbaji mwenye mume na mtoto hana mvuto, aseme hana mtu. Pete aliivua akaiweka kwenye mkoba. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa miaka yote hii. Alijifariji kwamba angalau Baba hakulisikia, maana siku ile Baba alimwambia ni msimu wa manyoya na bosi amemkatalia ruhusa, na nyumbani hatukuwa na televisheni.

Baadaye tuliponunua televisheni, unakumbuka Baba alivyokuwa akinyanyuka na kuizima Harmon akianza tu. Unakumbuka pia ile Pasaka kabla hujahama, ulipomwambia usoni kwamba ameizika sauti ya Mama kwa wivu wake. Akajibu, "Labda," akaendelea kukata nyama. Mimi nilikuwa upande wako.

Sasa sikiliza. Watu walipocheka, kamera iliwageukia. Safu ya tatu, pembeni, yupo Baba. Amevaa suti ya harusi, kofia ameiweka magotini. Wote wanacheka, yeye hacheki. Anamwangalia jirani wa kushoto, anamwangalia wa kulia, kisha naye anacheka, amechelewa.

Nikamwambia Mama afumbue macho. Fundi wa makumbusho akairudisha filamu nyuma, na Mama akamwona. Akaomba tena, na tena, mpaka fundi akasema anahofia itakatika. Kujitazama mwenyewe hakujitazama hata kidogo.

Tulipofika nyumbani alikaa jikoni bila kuvua koti, ndipo akaniambia kwamba Baba hakumkataza kuimba hata siku moja. Harmon alimwita tena, yeye ndiye aliyekataa, kwa sababu angeulizwa swali lile lile na asingeweza kujibu vile mara ya pili. Sisi tukamlaumu Baba, naye Baba hakujitetea, basi Mama akaacha hivyo. Anadhani siku ile Baba alitaka kumshtukiza mlangoni mwa studio, kisha akaona heri atangulie nyumbani.

Mama aliporudi usiku ule alimkuta Baba macho, amepasha supu ya mayai na limau. Akamuuliza mambo yamekwendaje.

"Nikamwambia, 'Ungekuja ungejua,'" Mama akasema.

Nilimuuliza Baba alijibu nini.

"Alisema, 'Kweli.' Akanipakulia supu."

Nilimvua koti, nikamlaza.

Asubuhi aliniamsha nipige simu makumbusho. Ameridhia waionyeshe, kwa sharti wasikate chochote, si swali la Harmon wala jibu lake. Na ikifika ile safu ya tatu wasimamishe filamu, atanyanyuka yeye mwenyewe mbele za watu, awaambie yule mwenye kofia magotini ni Pandelis, mume wake.

Njoo, kaka. Nauli ikikupiga chenga niambie. Kitanda chako Mama amekwisha kukitandika, ingawa anasema anaanika tu godoro. Siku moja tutoroke sisi wawili tuende kaburini kwa Baba, maana tuna la kumwambia.

Wasalimie wote, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anasema uvae vizuri, huku bado baridi.

Ni mimi dadako,
Popi